Louis Chevrolet: Fundi aliyeuza jina, akabaki na spana

MASHABIKI wa Manchester United walilibeba jina lake kifuani kwa misimu saba. Kuanzia 2014 hadi 2021, kila jezi nyekundu iliyokatiza mtaani, iwe ya dukani au ya mtumba, ilikuwa na nembo ya dhahabu na neno moja chini yake: Chevrolet. Zlatan Ibrahimovic alifunga mabao nalo, Paul Pogba alirudi Old Trafford akalikuta, na Jose Mourinho alibeba Europa League mwaka 2017 vijana wake wakiwa nalo kifuani. Mkataba ule wa udhamini ulitajwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 500.

Wengi walijua hiyo ni kampuni ya magari ya Marekani. Wachache walijua kwamba kabla ya kuwa kampuni, lilikuwa jina la mtu. Tena siyo mtu wa ofisini na tai shingoni. Alikuwa dereva wa mbio na makenika, mikono imejaa oili, ambaye alijitoa kwenye kampuni mapema, akaliacha jina lake mlangoni na hakuruhusiwa tena kuliweka kwenye magari aliyoyatengeneza.

Kilichofuata ndicho kinachofanya jina la Louis Chevrolet litajwe mpaka leo kwenye gereji za watu wanaopenda magari ya zamani yenye mwendo. Akiwa hana kampuni wala hela ya maana, aliichukua injini ya bei rahisi kuliko zote Marekani, ya silinda nne, tena ya mpinzani, akaifanya ishindane na magari ya matajiri.

MTOTO WA FUNDI SAA

Louis alizaliwa Desemba 25, 1878, siku ya Krismasi, katika mji wa La Chaux-de-Fonds, Uswisi. Ule ni mji wa saa. Baba yake naye alikuwa fundi saa, na inaelezwa kuwa dogo alianza kushika vyuma vidogo vidogo akiwa bado mdogo sana.

Akiwa hajafika miaka 10, familia ilihamia Beaune, mji wa mvinyo huko Ufaransa. Maisha yalikuwa magumu, na Louis akaingia kazini mapema kwenye gereji ya baiskeli. Hapo alijifunza mambo mawili ambayo hayakumtoka tena: kutengeneza na kushindana. Mchana alikaza nati za baiskeli za watu, kisha siku za mbio alipanda ya kwake na kuwaacha wenzake kwenye vumbi.

Kutoka Beaune alikwenda Paris, ambako magari yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kuzoeleka. Huko akaijua injini. Mwaka 1900 akavuka bahari, akatua Montreal, Canada, kisha akateremka New York, Marekani. Alikuwa na miaka 21, Kiingereza cha kuunga unga, lakini spana anazijua zote kwa majina.

FIAT, KISHA BUICK

Mei 20, 1905, kwenye uwanja wa Morris Park jijini New York, Fiat walimpa gari la nguvu za farasi 90. Ilikuwa mechi yake ya kwanza kubwa na alicheza kama mkongwe. Alikimbia maili moja kwa sekunde 52.8, rekodi kwa wakati huo, na akashinda. Kuanzia siku hiyo kila mtu kwenye mchezo alijua kuna Mswisi mkubwa wa mwili, mwenye masharubu, ambaye haogopi kona.

Mbio za wakati ule hazikuwa na mzaha. Hakukuwa na mkanda wala kofia ngumu. Brekia zilikuwa kwenye magurudumu ya nyuma tu, na matairi yalipasuka kama maputo. Pembeni ya dereva alikaa makenika wake, kazi yake kupampu mafuta na kutazama nyuma. Gari likipinduka, wanapinduka wawili. Louis alilazwa hospitali mara nyingi, akitoka anarudi barabarani.

Ndipo akaonekana na William Durant, bosi wa Buick na mwanzilishi wa General Motors. Durant alitaka timu ya mbio ili magari yauzike, akawachukua Louis na mdogo wake Arthur. Inasimuliwa kuwa Durant aliwashindanisha ndugu hao wawili ili apate dereva wake binafsi. Louis alishinda, lakini kazi akapewa Arthur, kwa sababu bosi aliona huyo angalau angemfikisha nyumbani salama. Louis akapelekwa kwenye mbio, mahali pake hasa. Mwaka 1909 alishinda Cobe Trophy pale Crown Point, Indiana, akiwa na Buick.

Mdogo wao wa mwisho, Gaston, aliyezaliwa 1892, naye akaingia kwenye mchezo. Nyumba moja, madereva watatu.

SIGARA ILIYOVUNJA NDOA

Mwaka 1910 Durant alipoteza usukani wa General Motors. Alihitaji kampuni mpya, na alihitaji jina ambalo watu wanalijua. Jina lilikuwepo. Novemba 3, 1911, ikaanzishwa Chevrolet Motor Car Company.

Louis alichora gari anavyolipenda yeye: kubwa, zito, la silinda sita, lenye mwendo. Lilifahamika kama Classic Six na liliuzwa dola 2,150. Wakati huohuo Henry Ford alikuwa akiuza Model T yake kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Durant alikuwa mfanyabiashara. Aliona wazi kuwa soko liko kwa mtu wa kawaida, akataka gari jepesi la silinda nne, la bei ya chini, na jina la Chevrolet likae humo.

Louis hakutaka jina lake lipachikwe kwenye gari la bei chee. Wakaanza kuvutana. Simulizi maarufu ni kwamba hata sigara ilikuwa tatizo. Durant alitaka mtu mwenye jina mlangoni avute sigara kubwa za kibosi, wakati Louis alizoea sigara zake ndogo za gereji, ikining'inia mdomoni akiwa chini ya gari. Sigara ilikuwa kisingizio. Hoja ilikuwa nani mwenye kampuni.

Mwishoni mwa 1913 Louis aliondoka. Hisa zake zikaenda. Haki ya kulitumia jina lake kwenye magari ikabaki kwa Durant.

Hesabu zilizofuata zinauma. Durant alitoa Chevrolet 490, gari la silinda nne lililopewa jina kutokana na bei yake ya dola 490. Liliuzika mno, kiasi kwamba Durant alitumia nguvu ya Chevrolet kurudi na kuiteka tena General Motors. Mwaka 1918 Chevrolet ikawa sehemu ya General Motors. Kama Louis angekaa na karatasi zake kabatini, angekuwa tajiri wa kutupwa. Maji yakishamwagika hayazoleki.

Na injini ya ile 490 ilikuwa na kitu kimoja ambacho Ford haikuwa nacho: vali zilikaa juu, kwenye hedi. Kitu hicho hicho ndicho kilichokuja kumrudisha Louis mjini miaka kadhaa baadaye, kwa mlango wa nyuma.

FRONTENAC, NA SIKU YA GASTON

Kwa kuwa jina lake halikuwa lake tena, Louis aliyaita magari yake mapya Frontenac, jina la gavana wa zamani wa Wafaransa huko Canada. Ndugu watatu wakaingia kazini pamoja. Walitengeneza magari ya mbio ya silinda nne, wakatumia alumini kwa wingi ili kupunguza uzito, wakati wengine wengi bado waliamini chuma kizito ndiyo nguvu.

Louis mwenyewe alishiriki Indianapolis 500 mara nne kama dereva. Hizo ni maili 500, kilomita karibu 800, raundi 200 za uwanja mmoja. Alichopata bora ni nafasi ya saba mwaka 1919. Kama dereva, kombe hilo lilimkataa.

Mwaka 1920 sheria ilibadilika, injini zikapunguzwa hadi lita 3. Louis alipeleka kikosi kizima kutoka gereji yake, mengine yakiitwa Frontenac na mengine Monroe, kwa ajili ya kampuni iliyomwajiri kusimamia kazi. Siku ya mbio, Mei 31, jahazi lilianza kuzama mapema. Vyuma vya stelingi vilikatika kwenye magari kadhaa ya timu, hilo la Louis likiwemo, kwa sababu chuma kilichotumika hakikuwa imara. Moja baada ya jingine yakatoka.

Akabaki Gaston na Monroe yake. Mbele yake alikuwepo Ralph DePalma, bingwa mkubwa, akiwa na Ballot ya Ufaransa yenye silinda nane. Zikiwa zimebaki raundi chini ya 20, Ballot ikaanza kukohoa. Gaston akapita. Alimaliza wa kwanza kwa wastani wa maili 88.62 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 142, na hakubadilisha tairi hata moja njia nzima, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na mshindi yeyote kabla yake. Gari lililotengenezwa Marekani lilikuwa halijashinda Indianapolis tangu 1912. Silinda nne za gereji ya ndugu watatu zikamaliza ukame huo.

Furaha haikudumu miezi sita. Novemba 25, 1920, kwenye uwanja wa mbao wa Beverly Hills, California, Gaston aligongana na dereva mwenzake Eddie O'Donnell. Wote wawili walipoteza maisha, pamoja na makenika wa O'Donnell. Gaston alikuwa na miaka 28.

Louis hakushindana tena kama dereva. Mwaka uliofuata, gari lake jipya la silinda nane lilishinda Indianapolis likiendeshwa na Tommy Milton, ikiwa ni mwaka wa pili mfululizo kombe linakwenda kwa gari lililotoka kwenye mikono yake. Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa tiketi ya utajiri. Kwa Louis, ng'ombe wa maskini hazai. Mpango wa kutengeneza Frontenac za kuuza kwa raia ulikufa na mdororo wa uchumi wa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na hela ikayeyuka nao.

HEDI JUU YA INJINI YA FORD

Akiwa amekwama, Louis alitazama nje ya dirisha la gereji. Kila gari la pili lililopita lilikuwa Ford Model T. Ford aliyatengeneza zaidi ya milioni 15 kati ya 1908 na 1927, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 moja jipya lilipatikana kwa chini ya dola 300. Lililochoka lilipatikana kwa hela ya kula.

Injini yake ilikuwa rahisi kama mtungi. Silinda nne, lita 2.9, nguvu za farasi 20. Haikuwa na pampu ya oili. Krankishafti ilizunguka na kurusha oili huku na kule, kila beringi ikanywa itakachopata. Haikuwa na pampu ya maji pia. Maji ya moto yalipanda yenyewe kwenda kwenye radieta, ya baridi yakashuka. Vali zilikaa pembeni ya silinda, zikitazama juu. Hewa na petroli vililazimika kupanda, kukata kona, ndipo vishuke kwenye pistoni. Injini ilihema kama mtu mwenye mafua.

Lakini Ford alikuwa amefanya jambo moja la maana: hedi ilifungwa kwa bolti na inatoka. Fungua bolti, toa hedi, weka nyingine.

Louis na Arthur wakatengeneza hiyo nyingine kupitia kampuni yao ya Chevrolet Brothers pale Indianapolis, wakisaidiwa na mhandisi Cornelius Van Ranst. Vali zikahamishiwa juu, moja kwa moja juu ya pistoni. Fito nyembamba zilisukumwa na kamshafti ileile ya chini, zikapanda pembeni ya injini na kubonyeza roka, roka nazo zikafungua vali. Njia ya hewa ikanyooka. Chumba cha kulipukia kikawa kidogo zaidi, mgandamizo ukaongezeka. Kipande kimoja cha chuma kikamfanya punda aanze kukimbia kama farasi. Wateja waliiita Fronty, kwa kufupisha Frontenac.

Zilikuwepo za aina kadhaa, kuanzia ya mtu anayetaka kupanda mlima bila kuzomewa na watoto, hadi ya mbio yenye kamshafti mbili juu ya hedi. Kwenye zile za mbio, nguvu ya Ford ilipanda zaidi ya mara mbili. Fronty haikuwa peke yake sokoni. Joe Jagersberger, mhamiaji mwingine aliyewahi kuwa dereva wa mbio, alikuwa na hedi yake ya Rajo, na wapo wengine. Lakini Fronty ndiyo ilikuwa na mtaalamu aliyeshinda Indianapolis nyuma yake.

KAZI YA JUMATATU

Hapo ndipo vijana wa mashamba na miji midogo walipoingia kwenye mchezo. Kijana alinunua Model T chakavu, akang'oa bodi yote, akabakiza chesisi. Akalishusha chini ili lisipinduke kwenye kona. Magurudumu ya mbao akayatupa, akaweka ya spoku za waya. Kiti kimoja au viwili, tangi nyuma, ekzosi nje, hedi ya Fronty juu. Gari la kupeleka mayai sokoni Jumatano, Jumapili likawa la mbio.

Kulijenga ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilianza Jumatatu. Injini ya Ford haikuzaliwa kwa ajili ya mateso yale, na hedi mpya ilipoongeza nguvu, udhaifu wote uliokuwa umelala ukaamka.

Wa kwanza kulalamika alikuwa krankishafti. Ilikuwa nyembamba, imeshikwa na beringi tatu tu, na kwenye mwendo mkali ilipinda kama fito la kuvulia. Mafundi waliojua waliifungia vyuma vya kusawazisha uzito, wakaitoboa matundu ndani na kuweka pampu ili oili ifike kwa nguvu badala ya kubahatisha. Asiyefanya hivyo alirudi nyumbani na vipande viwili.

Beringi zenyewe zilikuwa za madini laini yaliyoyeyushwa na kumiminwa mahali pake. Baada ya mbio, fundi alilala chini ya gari, akashusha sampu, akashika kila konrodi na kuitikisa. Ikicheza, anatoa kibati chembamba cha katikati, anakaza, anazungusha, anatazama palipoguswa, anakwangua taratibu, anarudia. Ikibana sana itaungua, ikilegea itagonga. Kati ya hayo mawili kuna unene mdogo kuliko karatasi, na kipimo kilikuwa vidole vya fundi.

Kisha vali. Zilisagwa kwa mkono kwa dawa ya kusagia, mbele na nyuma, mpaka zikae bila kupitisha pumzi. Tapeti zikapimwa gepu. Gasketi ya hedi ikawekwa mpya, bolti zikakazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, injini ikawashwa mpaka ipate moto, kisha zikakazwa tena. Aliyesahau kukaza mara ya pili aliona mvuke kabla ya raundi ya tano.

Hizo ndizo kazi ambazo watu wenye magari hayo wanazifanya hadi leo, kwa mpangilio uleule. Louis hakuwauzia chuma tu. Alifungua mlango kwa watu wasio na hela, akawaambia kwa vitendo kwamba akili na uvumilivu vinaweza kupunguza pengo la pochi.

MENO YA FORD PALE INDIANAPOLIS

Mwaka 1922 sheria ya Indianapolis ilikuwa bado lita 3. Injini ya Ford, kwa ukubwa wake wa kiwandani, iliingia humo bila tatizo. Magari mawili ya Fronty-Ford yakapangwa kwenye mstari mmoja na mitambo ya gharama kubwa ya silinda nane. Watu walicheka. Moja, la Jack Curtner, lilimaliza la 14.

Mwaka 1923 sheria ikashuka hadi lita 2, hivyo injini ikalazimika kupunguzwa ujazo. Wauza magari ya Ford wa mjini, Barber-Warnock, walidhamini gari moja na usukani akapewa L. L. Corum. Hakuwa na kasi ya kuwakimbiza vinara kwenye nyoofu. Alichokuwa nacho ni gari lililofungwa vizuri na mguu mtulivu. Wenye mashine za bei mbaya waliingia gereji, wakatoka, wakaingia tena, wengine wakabaki humo. Corum akaendelea kuzunguka. Raundi ya 200 ilipoisha alikuwa wa tano.

Wa tano, kwa injini ambayo dada yake ilikuwa ikibeba maziwa barabarani nje ya uwanja. Mwaka uliofuata Corum huyohuyo alipata gari la Duesenberg na jina lake likaandikwa kwenye orodha ya washindi, baada ya Joe Boyer kulichukua gari lake katikati ya mbio na kulimaliza la kwanza.

Mwaka huo wa 1924 Barber-Warnock walileta Fronty-Ford tatu. Henry Ford mwenyewe alikuwepo kama mwamuzi wa heshima, akapigwa picha na magari hayo. Moja liliendeshwa na Alfred Moss, kijana wa Kiingereza aliyekuwa akisomea meno, akamaliza wa 16. Baadaye alirudi kwao, akapata mtoto aliyeitwa Stirling Moss, ambaye alishinda mashindano 16 ya Formula One na kuwa wa pili katika ubingwa wa dunia mara nne mfululizo.

Nje ya Indianapolis, kwenye viwanja vya vumbi vya maonyesho ya kilimo, Fronty zilitawala kwa miaka. Wengi wa waliokuja kuwa madereva na mafundi wakubwa walianzia humo. Na wazo lenyewe halikufa. Ford alipotoa Model A yenye silinda nne mwishoni mwa 1927, mafundi wengine wakaitengenezea hedi zake. Vijana wa California wakazipeleka kwenye ziwa kavu la Muroc, wakazikimbiza kwenye tope lililokauka. Hata baada ya Ford kuleta V8 mwaka 1932, waliokuwa na silinda nne hawakukubali kirahisi kukaa benchi.

MWISHO WA MCHEZO

Utani wa historia ni kwamba mwaka 1927, Model T ilipofika mwisho na Ford kufunga viwanda ajipange upya, aliyepita na kuwa namba moja kwa mauzo Marekani alikuwa Chevrolet. Jina la Louis lilikuwa kileleni. Louis alikuwa gereji, akihangaika na hedi za Ford, gari ambalo sasa halitengenezwi tena.

Yeye na Arthur walijaribu injini za ndege, nazo pia za silinda nne. Kazi ilikuwa nzuri, lakini ndugu wakakosana na wakaachana, na mradi ukaishia mikononi mwa mtengenezaji wa ndege Glenn Martin. Mwaka 1929 uchumi wa Marekani ukaanguka na kuzoa kilichobaki.

Miaka ya 1930, akiwa amepita umri wa miaka 50, Louis alirudi Detroit. Aliingia kazini kwenye kiwanda cha Chevrolet kama makenika. Asubuhi alipita chini ya bango lenye jina lake kubwa, akavaa ovaroli, akashika spana. Haikuchukua muda ugonjwa ukamwangusha, na miaka yake ya mwisho ilikuwa ya maumivu. Alifariki Juni 6, 1941, akiwa na miaka 62.

Hakuzikwa Detroit. Alipelekwa Indianapolis, kwenye makaburi ya Wakatoliki, jirani na Gaston. Kutoka pale hadi uwanja ambao mdogo wake alishinda na Ford ya silinda nne ikamaliza ya tano si mbali. Uwanjani kuna mnara wa kumbukumbu yake.

Hedi za Fronty zilizobaki sasa zinatafutwa kwa udi na uvumba. Ikipatikana moja kwenye banda la shamba, imejaa kutu na viota vya panya, mwenye bahati ataipeleka gereji, ataisafisha, atasaga vali moja moja, atapima gepu, atakaza bolti kuanzia katikati kwenda pembeni. Kisha atawasha, atasubiri ipate moto, na atakaza tena.